Kigari cha Jaji

Chumba cha nyuma
4 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo. Nifikishie na kwa Mama.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga, Mama anakunyang'anya, anataka kuongea na "mume wake", na huyo mume akiwekewa simu sikioni ananyamaza kama shahidi aliyetishwa. Barua angalau hainyang'anywi.

Nina shida. Jaji amekuwa mzito. Unakumbuka tulimpa jina hilo kwa vile alivyotukodolea macho siku aliyozaliwa, utadhani anatafuta wa kumfunga maisha. Basi mheshimiwa huyo mgongo wangu hauna tena ubavu naye. Kazini namweka kwenye toroli la mashuka, lile kubwa la turubai tunalokusanyia nguo za vyumbani. Namlaza juu ya foronya, nasukuma toka kwenye lifti hadi chumba cha pasi, na yeye katulia anatazama taa. Hajanitia aibu hata siku moja. Lakini msimamizi kamwona. Kasema hoteli si mahali pa kulelea watoto, na mwisho wa mwezi ujao asimkute.

Mama Jirani, yule mwenye binti aliyezaliwa wiki moja na Jaji, kakubali kushinda naye. Tatizo amehamia juu ya kilima, ng'ambo ya barabara kubwa. Kumpandisha asubuhi na kumteremsha jioni, siwezi.

Naomba unitengenezee gari la mtoto. Nawe chuma mkononi mwako ni kama udongo wa mfinyanzi, unakikunja utakavyo. Fanya haraka, kaka yangu. Siku hizi hata nikikaa, miguu inatikisika yenyewe.

Mdogo wako,
Mama Jaji


Gereji
13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anajibu zake, anauliza mume wake ameota meno mangapi na kwa nini hajaletwa huku tangu akiwa wa miezi minne.

Gari limeondoka leo na dereva wa mizigo. Nimelikata kwenye bati la pipa, milango inafunguka, magurudumu ni beringi za pikipiki, na mbele nimeweka honi ya baiskeli ambayo utakuja kunilaani kwa ajili yake. Kamba ya kuvutia nimeiacha ndefu ili asijikanyage. Namwona kabisa anavyolikokota sakafuni huku wapangaji wenzako wanagonga ukuta.

Nilijiuliza kidogo gari litakusaidiaje na kilima. Halafu nikasema, aa, mtoto akiwa na gari lake ataacha kudeka mgongoni, atatembea mwenyewe. Watoto wa siku hizi mnawabeba mpaka wanasahau kazi ya miguu.

Kaka yako,
Fundi


Chumba cha nyuma
20 Februari

Kaka,

Nimecheka mpaka shemeji yako, ambaye alikuja juzi kutoka kwenye ujenzi wa barabara, akachungulia kuona kama nimepata wazimu. Gari la mtoto, kaka! La kumbebea mtoto, si la kuchezea!

Jaji amelipenda sana. Ameshinda nalo siku nzima.

Ninachotaka ni kile cha kusukuma. Kigari. Kile chenye beseni refu kama kitanda, mtoto analala chali, juu kina kifuniko cha kuzuia jua. Kifuniko kiwe kikubwa, kiweze kushuka mpaka chini. Magurudumu makubwa kwa ajili ya kilima. Usiweke kiti. Cha kulaza. Nimerudia ili tusipotezane tena.

Mwisho wa Machi unakuja mbio.

Mdogo wako


Gereji
27 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imezua mkutano hapa. Mpaka rangi wetu anasema kitu hicho kinaitwa pramu, aliwahi kuipaka rangi ya tajiri fulani. Fundi wa matairi anabisha: ni kigari, na kama kina kiti basi ni kiti cha kusukuma. Mteja aliyeleta baiskeli naye kasema kwao wanaita kitoroli. Nikaenda kumuuliza Mama, maana yeye ndiye katulea. Akaniambia, "Chetu kiliitwa mgongo, na hakikuhitaji oili." Mkutano ukafungwa.

Lakini sikiliza, hapa naongea kama fundi. Vya kulaza na vya kukalisha ni vitu viwili. Cha kulaza ni cha kichanga ambaye shingo haijakomaa, baada ya miezi sita hakina kazi. Jaji ana miezi ishirini na mbili. Huyo ukimweka kwenye beseni atasimama, ataruka ukingo, na atakusukuma wewe. Nitafanya cha kukalisha, chenye mkanda wa kifua, na kifuniko ulichotaka.

Nahitaji vipimo. Chukua futi ya kushonea: toka makalio mpaka nyuma ya goti, toka goti mpaka kisigino, toka makalio mpaka utosini, upana wa nyonga, upana wa kifua. Usikisie. Kiti ni kama kiatu.

Fundi


Chumba cha nyuma
5 Machi

Kaka,

Kwa nini lakini huwezi kufanya nilichokuomba?

Basi. Kiti. Vipimo hivi hapa: makalio mpaka goti sentimita ishirini na sita. Goti mpaka kisigino ishirini na tatu. Makalio mpaka utosini hamsini na mbili. Nyonga ishirini na moja. Kifua ishirini.

Nilivipata kwa taabu. Katoto kanakimbia na futi, kanaipitisha uvunguni, kanajifunga nayo kiunoni na kunipigia makofi nikikapata. Nimetoka jasho.

Mdogo wako


Chumba cha nyuma
25 Machi

Kaka Fundi,

Kigari kimefika salama. Kizuri mno. Rangi ya buluu inavutia, magurudumu hayapigi kelele, na kifuniko kinashuka mpaka chini kama nilivyotaka. Jaji kimemkaa kama aliyezaliwa nacho. Kesho kutwa tunapanda nacho kilimani.

Mshukuru na mpaka rangi.

Mdogo wako


Kambi ya barabara
1 Aprili

Shemeji,

Salaam. Mimi si mwandishi, utanivumilia. Na ninaomba dada yako asijue kama nimekuandikia.

Tarehe ishirini na saba alimfunga mtoto kwenye kile kigari akaanza kupanda nacho. Alishusha kifuniko chote ili watu wasichungulie, kwa hiyo alikuwa anasukuma bila kumwona. Alipofika na kufunua, mtoto alikuwa ameteleza chini, mkanda wa kifua umempanda shingoni, midomo imeanza kubadilika rangi. Mama Jirani ndiye aliyeukata, kwa kisu cha jikoni. Jaji ni mzima. Ana alama nyekundu chini ya kidevu, na sauti ilikwama siku mbili, ila sasa analia kama kawaida.

Nilifika Jumamosi. Kigari kiko kwenye kona, kimefunikwa shuka. Mke wangu, yaani dada yako, hajala vizuri. Kila baada ya dakika chache anaamka kuweka mkono juu ya kifua cha mtoto.

Wewe hukukosea, ndiyo sababu ya kuandika. Vile vipimo si vya Jaji. Ni vya binti wa Mama Jirani. Jaji wetu hakai, shemeji. Hajawahi kukaa. Shingo inaanguka, miguu inajikunja na kukaza, mkono wa kushoto anaufumba. Daktari ametuambia toka mwaka jana kwamba ni mambo ya ubongo, hewa ilichelewa alipozaliwa. Akili anayo, mimi naiona. Ila mwili hausikii unachoambiwa.

Nimemwomba dada yako mara nyingi awaambie. Anasema wiki ijayo. Imekuwa mwaka wa wiki zijazo.

Shemeji yako


Gereji
7 Aprili

Mdogo wangu,

Mjukuu wa Mama hajambo? Nakuandikia haraka. Nimerudia mchoro wangu wa kile kiti nikaona nimefanya kosa la kijinga. Mkanda wa kifua bila mkanda wa nyonga ni kitanzi. Mtoto akiteleza, wenyewe unabaki juu. Fundi wa miaka kumi na tisa nisione hilo! Tafadhali usimtie tena mle ndani. Kosa ni langu, si la mtu mwingine yeyote, umenisikia?

Nirudishie na dereva yule yule. Halafu nipimie mtoto upya, taratibu, akiwa amelala chali, maana naambiwa hivyo ndivyo wanavyopimika vizuri. Niandikie pia shingo yake hupenda kuegemea upande gani, na ni mkono upi anaoukunja.

Hakuna haraka. Na kama kuna haraka, niambie.

Kaka yako


Chumba cha nyuma
12 Aprili

Kaka,

Nani kakwambia?

Fundi hapimi shingo. Fundi haulizi mkono upi. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikatoka nje, nikarudi, nikaisoma tena. Ni baba yake. Hakuna mwingine. Alikuwa katoka dukani, nikataka kumpigia simu nimtukane, nikaishika simu nikaiweka.

Halafu nikaona unavyojisingizia kosa. Hilo ndilo lililonimaliza. Ungenigombeza ningekuwa na la kujibu.

Sawa. Sikiliza basi, maana nikisimama sitaanza tena.

Nilimpima Jaji kwanza. Wallahi nilimpima kwanza. Niliweka futi kwenye paja, mguu ukakaza, ukakataa kunyooka. Nikasubiri ulegee. Ukalegea, nikaweka futi, ukakaza tena. Yeye mwenyewe alikuwa ananitazama kwa yale macho, hana kinyongo, anasubiri nimalize. Nikashindwa. Mama Jirani alikuwa amekuja kunitembelea, akamwacha binti yake kwangu aende dukani. Katoto kakaja mbio kakaninyang'anya futi. Nikakapima. Kaka, kwa muda ule mfupi nilikuwa na mtoto mwenye vipimo vile. Nikaviandika kabla havijanitoka.

Lile gari la bati hakulishika. Nililiweka pembeni yake akalisikiliza tu nilipopiga honi.

Pale kliniki kuna mama wa mazoezi, mtu mzuri, hana maneno makali. Mwezi wa kwanza aliniambia, "Huyu muda wa kigari umekwisha. Anahitaji kiti cha magurudumu cha saizi yake." Nikamwambia asante, nikatoka, nikapita vituo viwili vya basi kwa miguu bila kujua. Ndiyo jioni ile nilipoanza kufikiria kukuandikia. Wewe ulishangaa kwa nini nataka cha kulaza. Kwa sababu kigari ni cha mtoto yeyote. Mtoto akiwa kwenye kigari, wapita njia wanasema, shh, amelala. Kiti cha magurudumu hakuna anayesema amelala. Wanasema, masikini.

Nilishusha kifuniko ili wasiseme. Nikawa nasukuma, najisikia kama mama yoyote mwenye kigari kipya cha buluu, natabasamu kabisa. Yeye anakabwa mbele yangu, na mimi natabasamu. Hakuna mtu atakayeniondolea picha hiyo kichwani.

Msimamizi kanipa zamu ya mchana, baba wa Jaji kaomba likizo ashinde naye. Likizo hiyo inaisha mwezi huu. Baada ya hapo sijui.

Usimwambie Mama. Au mwambie. Mimi sijui tena.

Mdogo wako


Gereji
18 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anajua.

Nilikwenda kumwambia nimepanga maneno kama wakili. Alikuwa anachambua maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alipokuja naye wa miezi minne nilimwogesha. Nilishika ile miguu. Nimezaa sita, nikazika wawili, miguu ya mtoto naijua." Nikamuuliza, sasa mbona ulikaa kimya? Akasema, "Nilingoja aniambie mwenyewe. Mtu humvui nguo njiani." Kumbe hiyo simu aliyokuwa ananinyang'anya si ya kumsikia mtoto aongee. Alikuwa anasikiliza kama anapumua vizuri.

Nilianza kukuandikia ile methali ya mficha maradhi, nikaifuta. Wewe hukuficha maradhi, ulijificha wewe. Na mimi nilikuongezea mlango wa kujifungia, na vichekesho vyangu vya kudeka na kusahau kazi ya miguu. Nisamehe. Lile neno la miguu nalimeza kila nikikata bomba.

Ukweli wa kosa lenyewe ni huu, sasa naweza kuusema. Kiti kilikuwa kirefu kwa paja lake kwa sentimita nyingi. Kiti kirefu humvuta mtoto chini hata akiwa na mgongo imara. Nilifuata vipimo, lakini sikufuata barua yako. Ulinambia mara mbili cha kulaza. Fundi mwenye akili angejiuliza mama huyu anataka kuniambia nini. Kwa hiyo tugawane. Nusu yako, nusu yangu, na tuache kuigombania.

Tunakuja Jumamosi, mimi na Mama. Nimetoa bomba jepesi, sponji, ngozi ya kiti cha gari iliyobaki, na turubai. Sihitaji futi wala karatasi. Nitamlaza mapajani mwangu mpaka nijue anavyokaa. Nimeongea kwa simu na huyo mama wa mazoezi, anakuja kusimamia, kaniambia nisijaribu kuwa hodari peke yangu.

Kuhusu jina, kigari au kiti cha magurudumu, mimi sijui. Gerejini jina huandikwa mwisho, rangi ikishakauka.

Kaka yako


Chumba cha nyuma
26 Mei

Kaka Fundi,

Shikamoo. Mmeniachia nyumba kimya sana, na harufu ya rangi.

Nimejaribu kuandika mara nne. Wiki ya kwanza kile kiti mlichotutengenezea sikutoka nacho nje. Nilikiweka katikati ya chumba, nikamkalisha, nikamfunga mkanda wa nyonga kwanza kama mlivyonifundisha, halafu ile ya mabega, nikaweka kichwa kwenye mashavu ya sponji. Nikakaa mbele yake nikimlinda. Mama wa mazoezi alipokuja kutukagua akaniambia, "Kiti hiki kina magurudumu manne na wewe umekifanya kabati." Nikaona aibu.

Jumatano tukatoka. Kifuniko mlikataa kuweka, na njia nzima nilikulaani kwa hilo. Nilipita karibu na ukuta, haraka haraka, macho chini, kama mtu aliyeiba. Kwenye barabara kubwa taa ikawa nyekundu, tukasimama na watu. Mwanamke mmoja akainama, akasema lile neno nililolijua. "Masikini." Kalisema kwa upole kabisa. Nilikuwa nimejiandaa miezi mingi kwa neno hilo, nilikuwa na majibu mpaka ya matusi. Halafu nikamwangalia Jaji nione kama limemuumiza.

Hakuwa na habari naye. Alikuwa anatazama basi. Kaka, alilitazama lile basi toka mbele mpaka nyuma, macho yakitembea nalo, kisha likaja jingine akalipokea. Akamwona mtu na ngazi begani. Akamwona mbwa, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama mlango unaofunguliwa kwa nguvu, mpaka mbwa mwenyewe akageuka. Nikaanza kulia pale pale kwenye taa, yule mwanamke akadhani ni kwa sababu yake, akawa ananiomba radhi. Nikamwambia siyo wewe. Ningemwelezaje? Miaka miwili mtoto huyu nimembeba uso ukiwa umezikwa mgongoni kwangu, au nimemlaza kwenye toroli, au kitandani. Miaka miwili nimemwonyesha dari.

Taa ikawa kijani, hatukuvuka. Tuliacha zikapita tatu.

Mama Jirani anamwita mheshimiwa kwa sababu anafika akiwa amekaa. Binti yake anataka kusukuma kila saa, tunagombana naye. Njiani watu wanakipa majina kila mmoja lake: kigari, kiti, kibaiskeli. Mzee wa duka la vioo anakiita "kile chombo". Nilidhani nitakuwa nawasahihisha. Juzi msimamizi wangu alituona mtaani, akaniuliza hicho ni nini. Nikasema ni kiti cha magurudumu cha mwanangu. Nililisema lote, mpaka mwisho, na sauti haikukatika katikati. Akasema, "Mbona kinampendeza." Basi tukaachana.

Usiniulize kama nimetulia. Sijatulia. Nikiwa kazini napiga pasi huku sikio liko kilimani. Bado naamka kushika kifua chake. Daktari hasemi atatembea, hasemi hatatembea. Anasema tuendelee kuja. Kuna siku naamini, kuna siku nakasirika na kila mtoto ninayemwona anakimbia, hata yule wa Mama Jirani, halafu najichukia. Haya nayaandika kwa sababu nimechoka kukuandikia mengine.

Mwambie Mama mume wake ana meno kumi na manne. Nimeyahesabu kwa kidole na ameniuma.

Nilitaka kuandika zaidi lakini siwezi, ananiita. Nimemwegesha karibu na dirisha, ila ametaabika mpaka kichwa kimegeuka upande wa pili, anatazama mlango. Hana neno, ana ile sauti tu. Nimemwambia subiri, Mama anamalizia barua kwa Mjomba. Hataki kusubiri. Anapiga mguu kwenye kibao ulichomwekea, kaka, kwa makusudi, anapiga, ananitazama, anapiga tena.

Naweka kalamu. Tunatoka.

Mdogo wako,
Mama Jaji